Ukuta Uliolowekwa Kwanza

Shemeji yangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mama Loweka. Haamini kitu kikiwa kikavu. Kitambaa kipya, kamba, hata brashi iliyosifiwa sana na muuzaji, lazima kwanza kilale kwenye beseni. "Kikavu kila kitu kizuri," husema.

Nyuma ya nyumba yao kuna mwinuko wa udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huteremka mpaka kwenye kamba za kuanikia. Mwaka jana matope yaliharibu shuka kumi na mbili za nyumba ya wageni. Mwenye shuka, mama asiyepandisha sauti, alisema yakirudia atatafuta dobi mwingine. Kazi ile ndiyo nusu ya riziki yao, na mvua ilibakiza wiki tatu. Ulitakiwa ukuta wa kuzuia udongo, wa kufika magotini tu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Niliposikia neno ukuta, nilikumbuka ghafla kwamba sijamsalimia kaka siku nyingi. Sifichi: nyuma ya duka nilikuwa na rundo la matofali ya saruji, na undugu haufungi duka. Nikamweleza shemeji yalivyonyooka na yanavyojengeka upesi. Kaka akakubali. Fundi mwashi akasifia matofali ya kuchoma. Kaka akakubali. Jirani akasema magogo yanatosha, na kaka, ambaye hajawahi kumpinga aliyesema mwisho, akakubali tena.

Shemeji hakubishana na mtu. Alituomba kimoja kimoja: tofali langu, tofali la kuchoma, kipande cha gogo. Akaongeza jiwe aliloliokota kwenye msingi wa nyumba iliyobomolewa mtaa wa nyuma. Vyote akavitia kwenye beseni, akavifunika kwa maji, akasema turudi baada ya siku tatu. Nilicheka njia nzima. Tangu lini tofali likawa shuka?

Tuliporudi, gogo lilikuwa limevimba na gome limeachia. Tofali la kuchoma lilikuwa zima, ila limekunywa maji kama mgeni asiyelipa. Jiwe lilikuwa jiwe. Langu alilitoa kwa mikono miwili, akalibonyeza pembeni kwa kidole gumba, na pembe ikamomonyoka kama biskuti kwenye chai.

"Shemeji," akasema taratibu, "hili ulitaka nijengee au ninywee chai?"

Fundi akageukia ukuta wa jirani, mabega yakimtikisika. Mimi nilielewa palepale kwamba aliyenitengenezea matofali alibania saruji. Haya hailipi pango la duka. Niliazima beseni, tofali likiwa humohumo, nikampelekea huyo mtengenezaji na kumwomba abonyeze mwenyewe mbele ya wateja wake. Rundo zima lilibadilishwa siku ileile.

Lakini shemeji alishachagua mawe. Mwenye ile nyumba iliyobomolewa alitaka kiwanja kiwe wazi. Shemeji akaahidi kumfulia mapazia, naye akayaleta mawe kwa mkokoteni wake mwenyewe hadi mlangoni. Miaka ishirini napatana na watu, sijawahi kupata bei hiyo.

Fundi akataka kuziba kila upenyo kwa saruji. Shemeji akamuuliza maji yatapitia wapi. Fundi akajibu kwamba hayatapita.

"Nguo usiyoikamua hukata kamba," akasema shemeji.

Basi mawe yakapangwa makavu, yakiegemea kidogo kwenye mwinuko, na nyuma yake zikamwagwa kokoto. Hizo zilitoka kwangu. Tulivutana bei asubuhi nzima, na mwishowe nikajikuta nazibeba mwenyewe.

Mvua ilipokuja nilipita kuangalia kokoto zangu. Maji yalichungulia kati ya mawe, membamba, safi, na udongo ukabaki kwao. Jua lilipotoka, shuka zilipepea nyeupe zote. Mama wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, akageuza pindo moja, akageuza la pili, kisha akasema ataleta na mablanketi.

Alipoondoka tu, shemeji akanigeukia. "Sasa nirudishie beseni langu. Mablanketi hayaingii kwenye ndoo."

Nikamwambia ukweli: beseni liko mbele ya duka, tofali jipya limo ndani, na kila mteja anayelibonyeza hununua. Akavuta kigoda, akaketi, akafuta mikono kwa kanga.

"Haya," akasema, "tupatane."