Pingili Moja ya Mabingobingo

Nilikuja Guangzhou kusomea majani. Nikiwaambia hivyo watu wa nyumbani hucheka, maana sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro hatuoni kama majani ni kitu cha kusafiria. Kabla sijaanza shule nilikuwa nimeshajua kukata mabingobingo, yale majani marefu yanayopandwa kwenye kingo za mashamba, na kuyabeba kichwani hadi kwa ng'ombe wa mama huku yakinichanja shingo. Sikutegemea kuyakuta tena huku, kwenye shamba la chuo lililozungushiwa wavu, kila shina likiwa na kibandiko chake.

Kazi yetu ilikuwa kuyalainisha. Ndani ya kuta za kila bua kuna kitu kinaitwa lignini, na hicho ndicho kinacholifanya bua likomae, lisimame wima na kugoma kutafunwa. Nyuma ya lignini kuna sukari nyingi iliyofungiwa. Ukiifungulia, inachachushwa na kugeuka spiriti ya kuendeshea magari. Lakini kuifungulia kunataka moto mkali na tindikali, na mwisho unakuta umetumia nishati nyingi kuipata nishati. Ndiyo maana tulizipunguza nguvu jeni zinazotengeneza lignini. Nilikuwa nakata kipande chembamba cha bua, nakidondoshea dawa, halafu naangalia kwenye hadubini. Penye lignini palikuwa panageuka rangi ya waridi iliyokolea. Mabua yetu yalitoa waridi hafifu, kama shati jeupe lililofuliwa pamoja na kitenge kinachochuja.

Nilikuwa napenda sana kuiangalia rangi ile. Zilipita siku nilizokaa kwenye hadubini hata baada ya kupata nilichotaka.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ana duka la nguo Moshi mjini, na huja Guangzhou kununua mzigo. Akija, mimi ndiye mkalimani wake. Tunazunguka soko la Shisanhang na maduka ya barabara ya Zhanqian tangu asubuhi, yeye akipapasa vitambaa na kukunja uso, mimi nikitafsiri uso wake. Kichina chake ni cha sokoni: anajua kuuliza bei, anajua kukataa, na anajua kumwita mwenye duka laoban, yaani bosi. Kinamtosha.

Safari ile, tukiwa tumeketi juu ya marobota tukisubiri yafungwe, akaniambia, "Kanisani nimewaeleza kwamba unatengeneza mafuta ya gari kwa majani. Sasa wananiuliza, umeyaona? Nawajibu nini?"

"Waambie bado tunajifunza."

"Unajifunza miaka yote hii. Nipeleke nikayaone mwenyewe."

Nikamwomba ruhusa profesa wangu. Ni mama wa makamo, mtu wa maneno machache, anayevaa buti za mpira hata siku asizokwenda shambani. Akakubali, akasema atakuwepo.

Mama mdogo alikuja amevaa kama anayekwenda harusini. Alipofika mbele ya profesa akainama kidogo, akamshika mkono kwa mikono miwili na kusema, "Laoban." Nilitamani ardhi ipasuke. Profesa akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka hivyo, kwa sababu hata wanafunzi wenzangu wa Kichina humwita bosi wakiwa peke yao.

Tukamtembeza, mimi na profesa, kati ya mistari ya majani. Mama mdogo hakuuliza lolote kuhusu magari. Alikuwa akivunja jani, akilisugua kwa vidole, akilinusa. Mbele ya mstari wetu bora kuliko yote, ule wenye lignini kidogo kabisa, alisimama muda mrefu. Uti wa katikati wa majani yake una rangi ya kahawia, ndiyo alama yake.

"Haya ni mabingobingo," alisema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Lakini ni laini kama ya mvua za kwanza. Na yamekomaa."

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu nianze masomo. Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Jioni tulikwenda kula kwenye mkahawa mmoja barabara ya Huanshi, ule ambao wafanyabiashara wa kwetu na Wakenya hukutana kula wali na nyama ya mbuzi. Tulipomaliza, mama mdogo akavuta mkoba wake, akatoa blauzi iliyokunjwa na kuifunua mezani. Ndani kulikuwa na pingili moja ya bua, yenye jicho lake, mbichi kabisa.

Nilijua ametoa wapi. Asubuhi ile vibarua wa shamba walikuwa wamepogoa mstari wetu, na mabua yalikuwa yamelundikwa kando yakisubiri kupelekwa kwenye mtambo wa mvuke unaoyaua yasiote tena.

"Ulichukua saa ngapi?"

"Mlipokwenda kuniletea maji. Usinitolee macho. Lilikuwa limetupwa."

"Halikutupwa, mama mdogo. Lilikuwa linakwenda kuchemshwa."

"Si ndiyo kutupwa huko?" Akakiweka kidole juu ya lile jicho, mahali chipukizi litakapotokea. "Mama yako ng'ombe wake wanazeeka. Kiangazi wanabakiza mabua tu kwenye hori, maziwa yanakauka. Wewe umelainisha majani, halafu unataka kuwapa magari. Magari yana meno?"

Nilimweleza tuliyofundishwa. Kwamba mmea uliobadilishwa jeni hautoki nje ya wavu bila kibali. Kwamba mashuke yanakatwa kabla hayajachanua ili chavua isisafiri. Kwamba hakuna aliyewahi kupima kama ng'ombe akila haya kila siku anapatwa na nini. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wauza duka wanaomweleza kwa nini bei haishuki.

"Pingili moja," akasema.

"Pingili moja ndiyo inayoota, na wewe unajua."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshamwona mama yangu na mundu wake, akikata kitu ambacho hakimchanji mikono. Nilikuwa nimeona hata mahali ambapo angelipanda, kwenye ukingo ulio nyuma ya zizi, penye majimaji. Kitu kilichokuwa kazi yangu kwa miaka kilikuwa hapo mezani kati ya sahani, kinaweza kumfikia mama yangu ndani ya wiki, na mimi ndiye niliyetakiwa kukizuia.

Nikaifunga ile pingili kwenye mfuko wa plastiki na kuitia kwenye begi langu. Mama mdogo aliikunja blauzi yake bila kunitazama. Tulitembea hadi hoteli yake kama watu waliogombana kwenye msiba, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni.

Asubuhi nilimpelekea profesa ule mfuko na kumweleza yote. Nilitegemea kufukuzwa, au angalau ukali. Aliushika mfuko kwenye mwanga, akaugeuza.

"Amekata vizuri," alisema. "Chini kidogo ya jicho." Kisha akasema, "Mlete. Aone linakokwenda."

Sikudhani mama mdogo angekubali, lakini alikuja, safari hii kavaa raba na khanga. Profesa akatupeleka kwenye chumba cha mtambo wa mvuke, akamkabidhi mama mdogo ile pingili aiweke ndani mwenyewe. Aliiweka taratibu, akaufunga mlango wa chuma. Tukakaa kwenye viti vya plastiki nje, tukisikiliza mashine ikivuma.

"Muulize," mama mdogo akaniambia, "ng'ombe akila hili atakuwaje?"

Nikauliza. Profesa alifikiri kidogo. "Mwambie sijui," alisema. "Mwambie nyumbani kwetu tulikuwa na nyati wa kulimia, nami ndiye niliyewakatia majani nikiwa mdogo. Lakini serikali ilipotoa fedha za utafiti, zilitoka kwa ajili ya mafuta, na swali la mnyama sikuliuliza. Mwambie sijui, na sipendi kwamba sijui."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama mdogo akatikisa kichwa polepole. Mlango ulipofunguliwa, pingili ilikuwa imelegea na kugeuka rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Aliitazama, akasema, "Basi," na hakulitaja tena suala lile hadi aliporudi nyumbani na mzigo wake.

Mwisho wa majira ya joto tufani lilipita karibu na pwani. Mjini lilivunja matawi ya miti na kumwaga maji barabarani, si la kutisha sana kwa waliozoea. Nilipofika shambani siku iliyofuata, mstari wetu bora ulikuwa umelala chini wote, toka mwanzo hadi mwisho, kama mkeka. Mistari ya kawaida ilikuwa imesimama, ikitikisa maji.

Nilichuchumaa matopeni. Nililijua hilo kwenye vitabu, kwamba ukiiondoa lignini unaondoa pia mfupa wa mmea, lakini kuliona kulikuwa kitu kingine. Nilifikiria ukingo ule wa nyuma ya zizi, na mvua za masika zinavyoteremka mlimani. Najua ni mizizi inayoshika udongo, si mabua. Hata hivyo nilimwona mama akiamka na kukuta malisho yake yamelala tope, yanaanza kuoza, na hana mengine. Nikalia kidogo, sijui kwa ajili ya nani: mama, au tasnifu yangu.

Profesa alinikuta hapo. Alinipa kisu, tukaanza kukata.

Tulipopima, sukari ilitoka kwa wepesi ule ule tulioutarajia. Ningeweza kuandika matokeo hayo na kumaliza masomo, kwani hakuna aliyesema lazima mmea uwe umesimama kwenye karatasi. Nilikaa na wazo hilo kwa siku kadhaa. Kisha nikamwendea profesa na kumwomba msimu mwingine, tuushughulikie mstari wa pili: ule ambao lignini yake ilipungua kiasi tu na ambao tufani liliuinamisha na kuuacha. Na nikamwomba jambo jingine, tupime pia kwa upande wa mnyama.

"Hatuna fedha za mnyama," alisema.

"Tuna majani. Na idara ya mifugo wana ng'ombe."

Akachukua simu.

Ndivyo nilivyojikuta, wiki nyingi baadaye, nyuma ya idara ya mifugo, nikipokea chupa ya maji yaliyotolewa tumboni mwa ng'ombe, bado ya vuguvugu. Unaloweka majani yaliyosagwa humo na kusubiri kuona kiasi gani kinayeyuka. Mstari wa pili uliyeyuka vizuri kuliko mabingobingo ya kawaida, ingawa si kwa tofauti kubwa niliyoiota. Hayo ni maji ya chupani, si ng'ombe mwenyewe, na kutoka hapo hadi kibali cha kupanda sehemu yoyote ni safari ndefu ambayo huenda nisiimalize mimi. Mafuta ya gari nayo bado.

Siku ile ya kwanza harufu ya maji yale ilinishika kwenye nywele, kwenye nguo, kila mahali. Nilipanda metro saa watu wanatoka kazini, behewa limejaa hadi mlangoni. Waliokuwa karibu nami walianza kusogea, mmoja baada ya mwingine, kwa upole wote, hadi nikabaki na nafasi ya kutosha kukunjua gazeti.