Sukari na Cha Lazima

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na makufuli manne, na mlango wetu ulikuwa wa mabua. Kulikuwa pia na kamba za viatu, jozi sita, katika nyumba ambayo mwenye viatu alikuwa baba peke yake, tena viatu vyenyewe vya kuchomeka mguu tu, havina hata tundu la kupitishia kamba. Hakuna aliyewahi kuvitaka vitu hivyo. Vilikuja na sukari.

Aliyezaliwa juzi hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Kabla ya ruksa, yaani kabla watu binafsi hawajaruhusiwa kufungua maduka yao, duka tulilolijua lilikuwa moja, la ushirika, pale Bariadi mjini. Ukitaka sukari, kwanza balozi wa nyumba kumi akuandikie kikaratasi. Halafu upange foleni tangu alfajiri. Ukifika dirishani, muuzaji anakupimia kilo yako, anaishikilia, haiachii, anakwambia: "Na kufuli." Hicho ndicho tulichokiita cha lazima. Kitu kilichowadodea kilifungwa kwenye mkia wa kitu kinachotafutwa. Ukikataa kufuli, sukari inarudi guniani na wa nyuma yako anakusukuma. Mama hakukataa hata siku moja.

Basi ikaja ruksa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, niko nyumbani napalilia pamba na kuota ndoto. Walioenda mjini walirudi na habari kwamba maduka yameota kama uyoga, na vitu vimejaa mpaka darini. Mimi nikajisemea nami siku moja nitakuwa na la kwangu. Kule jikoni nilipanga mahindi, chumvi na vibuyu juu ya uchaga kama bidhaa, nikajiuliza bei mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mama alikuwa akinisikia ananicheka. "Muuza duka, nipe huo mwiko."

Mwaka huohuo dada yangu alikuja kujifungulia kwetu, uzazi wa kwanza. Alijifungua salama mtoto wa kike, lakini maziwa yakawa hayatoki vizuri. Mtoto analia mpaka sauti inakauka, dada naye analia kimyakimya amegeukia ukutani. Nesi wa zahanati alimwangalia macho na kucha akasema mama huyu amedhoofu, apewe uji mzito wa karanga na sukari, asubuhi, mchana na jioni, asikose. Karanga tulikuwa nazo. Sukari nyumbani ilikuwa imebaki ile ya kushikamana na kona za mfuko.

Mama alimkabidhi shangazi hela ya kilo mbili. Shangazi ni dada yake baba, na kijiji kizima kilimheshimu kwa kazi ya foleni. Alijua kusimama saa sita bila kuomba kukaa, alijua kumrudisha nyuma mchomekeaji kwa jicho tu. Mimi nilipewa kapu.

"Pitieni maduka yote," mama alisema. "Muangalie bei, muangalie na kitu chenyewe. Msije na mchanga."

Tulitembea karibu saa mbili. Ilikuwa siku ya mnada, barabara imejaa ng'ombe na vumbi.

Shangazi alitaka tuanze na ushirika, kwa heshima. Nilijiandaa kwa foleni. Hapakuwa na foleni! Hapakuwa na mtu hata mmoja. Muuzaji alikuwa yuleyule wa siku zote, mwenye kidevu cha juu, aliyezoea kutujibu akiangalia pembeni. Alipotuona alisimama kabisa kutoka kitini.

"Mwadila, mayu!" alitusalimia kwa Kisukuma, akimwita shangazi mama. "Karibuni sana, karibuni ndani."

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. "Ametukaribisha," alininong'oneza. "Huyu ni mgonjwa?"

Sukari hakuwa nayo. Alikuwa na majembe, chumvi ya mawe, na makufuli. Bei zake zilikuwa chini kuliko zote tulizoziona siku ile, ila huwezi kukoroga kufuli kwenye uji. Tulimuaga. Alitusindikiza mpaka mlangoni, nami nikasikia huruma ghafla, maana alikuwa anatutazama kama mbwa aliyeachwa nyumbani.

Duka la pili lilikuwa la mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Rafu tatu tu: sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni za miche, basi. Lakini mizani yake aliigeuza ituelekee sisi, tusome wenyewe. Shangazi aliomba sukari kidogo kiganjani, akaifumba ngumi, akaifumbua. Ikamwagika yote katikati ya vidole, kavu, nyeupe. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akauliza bei.

"Eh! Mzee, ni sukari au dhahabu?"

"Mayu, gari lililoileta limelala kwenye matope ya Maswa siku tatu. Nami nimelala nalo."

"Sasa na huko kulala kwako ndio tulipie sisi?"

Mzee alicheka, lakini hakushusha. Kwa bei yake, hela yetu ilitosha kilo moja na nusu. Tukasema tunazunguka kwanza.

La tatu lilikuwa kona ya stendi, limeandikwa kwa chaki mlangoni BEI POA. Nilipoingia nilisimama nikasahau kapu. Ndoto yangu ilikuwa imejengwa na mtu mwingine! Biskuti za rangi, majani ya chai ya aina nne, maziwa ya kopo, mafuta ya kujipaka, betri, vibiriti kwa maboksi, peremende ndani ya chupa kubwa, ndoo zimening'inizwa juu kama maboga. Hakuna dirisha la kuchungulia. Unasogea mpaka kwenye meza na kunyoosha kidole. Mwenye duka alikuwa kijana, shati limepigwa pasi, ananiangalia ninavyoshangaa anatabasamu.

Shangazi alifumba ngumi yake. Sukari ilishikana kidogo, ikaacha tonge kiganjani. "Ina majimaji," alisema. Lakini bei! Bei ilikuwa chini mno ya ile ya mzee. Ilitosha kilo mbili na chenji ikabaki.

"Tupe mbili."

Kijana alipima, akafunga, akasogeza mezani. Shangazi hakuigusa. Alisimama, mikono amefumbata mbele, kama alivyofundishwa na miaka yote ile.

"Na cha lazima?" aliuliza.

Kijana alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akatazama rafu zake pole pole kama mtu anayechagua.

"Dawa ya viatu," alisema. "Kila kilo, makopo matatu."

Hela ikatosha kilo moja na makopo matatu. Ile kilo ya pili ilirudi guniani mbele ya macho yetu. Na sisi, nasema ukweli, tulitoka pale tumefurahi. "Ametuhurumia," shangazi alisema. "Makopo ni mepesi kubeba. Angetupa majembe je?"

Tukiwa bado pale nje tunapanga kapu, akatoka mama mmoja wa mjini, ana kilo zake mbili za sukari mkononi, hana kingine. Roho iliniruka. Nikaona maskini amesahau, ataitwa, atanyang'anywa. Nikamkimbilia.

"Mama! Mama, umesahau cha lazima chako!"

"Cha nini?"

"Dawa ya viatu. Kila kilo makopo matatu."

Alinitazama, akatazama makopo ndani ya kapu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mwanangu, nyie mmetoka wapi? Siku hizi ukitaka sukari unachukua sukari. Hakuna cha lazima. Kilishakufa hicho."

Nilihisi kama ardhi ya Bariadi imesogea. Nilimgeukia shangazi. Alikuwa amesikia.

Niliingia dukani peke yangu. "Kaka, kwa nini umetudanganya? Dada yangu amejifungua, hana maziwa. Hii kilo ni nusu ya dawa yake."

Kijana hakukasirika. Hilo ndilo lililonishtua zaidi. Alijibu taratibu kama tunaongea habari za mvua.

"Dada, mimi sijawahi kumlazimisha mtu. Nyie ndio mnauliza. Nilipofungua duka, bibi mmoja aliniuliza hivyohivyo. Nikamwambia hakuna, chukua uende. Unajua alifanyaje? Alinirudishia sukari. Alisema sukari isiyo na cha lazima ni ya wizi, atakuja kukamatwa nayo. Akaondoka mikono mitupu! Aliyefuata naye vilevile. Wa tatu nikampa kibiriti, akanishukuru. Sasa ningefanyaje?"

"Ungetupa kibiriti basi."

Hapo akaangalia chini. "Dawa ya viatu ilikuwa hainunuliwi," alisema. "Na mali ikishauzwa hairudi."

Nje nilimkuta shangazi ameketi juu ya jiwe. "Ni mimi niliyeuliza," alisema. "Hela ya mtoto nimeitupa kwa mdomo wangu." Machozi yake yalikuwa membamba, yanachora njia kwenye vumbi la mashavu. Sikuwahi kumwona analia, wala sikujua anaweza. Nikachanganyikiwa kuliko kwa yote ya siku ile.

Watu walikuwa wanapita kwenda mnadani. Mimi, kwa kuwa sikuweza kumtazama usoni, nilikuwa natazama chini, nikaona miguu. Bwana mifugo, buti limekuwa jeupe kwa vumbi. Mwalimu. Wachuuzi wa ng'ombe kutoka Mwanhuzi na viatu vyao vya ngozi. Nikachana kipande cha gagulo langu, nikafungua kopo la kwanza.

"Kaka, kiatu kinalia hicho! Njoo nikifute."

Bwana mifugo alisimama. "Wewe binti unajua kazi hii?"

"Sijui. Ndio naanza na wewe."

Alicheka akaweka mguu juu ya jiwe. Nilisugua kama nasugua sufuria la makande. Likang'aa! Alipolipa, wenzake wawili wakasogea, halafu akatokea mzee mwenye makatambuga, yale ya matairi ya gari.

"Na mimi nipake."

"Babu, hayo ni matairi!"

"Kwani tairi halitaki heshima?"

Nikampaka. Alitembea anainua miguu juu ili watu waone, na waliomwona wakaja. Walipoanza kusukumana, shangazi alijifuta uso, akainuka kwenye jiwe lake, na sauti yake ikarudi.

"Foleni! Nimesema foleni! Wewe wa kofia, rudi nyuma, nilikuona ulipoingilia!"

Kijana wa duka alitoka akasimama mlangoni kututazama. Ndipo akaja bibi kizee, amejifunga kaniki, fimbo mkononi, akapita katikati yetu akaingia dukani, kijana akamfuata ndani. Tulisikia vizuri maana mlango ulikuwa wazi. Aliomba nusu kilo. Akapimiwa. Akauliza: "Na cha lazima?"

Kijana alituangalia, sisi na makopo yetu.

"Hakuna, bibi," alisema. "Beba tu."

"Hakuna?" Bibi aliisukuma sukari kama imemng'ata. "Basi na iwe yako. Mimi mjukuu wangu ni askari wa mgambo, siwezi kukutwa na vitu vya magendo."

Kijana aliinua mikono, akanitazama kama kusema, umeona? Na nilikuwa nimeona. Mimi nilidhani ukweli ukisemwa basi umemaliza kazi.

Shangazi aliiacha foleni yake. Aliingia ndani, mkononi lile kopo la kwanza lililobaki nusu, akamshika bibi bega.

"Chukua, mwenzangu. Cha lazima chako nimeshachukua mimi. Hiki hapa."

Bibi alilitazama kopo, akaligusa, akaligeuza chini juu. Akashusha pumzi. "Wabeja," alishukuru. "Mungu akuongeze." Akaifunga sukari kwenye pindo la kaniki na kuondoka, hana wasiwasi tena. Shangazi alimtazama kijana. Kijana aligeukia rafu, akayaondoa makopo ya dawa ya viatu yaliyokuwa mbele, akayapandisha rafu ya juu kabisa.

Makopo mawili na nusu yaliisha kabla ya mnada kuvunjika. Tulirudi kwa mzee wa miwani, hela ya kilo moja na robo mkononi, ya kwake ya bei mbaya. Alituwekea mizani mbele yetu. Nilipoipanga kwenye kapu pembeni ya ile ya BEI POA niliona karatasi ya ile nyingine imelowa chini, imeganda na sukari. Nikaelewa kilichofanya iwe nafuu. Shangazi alisema ile yenye maji itangulie kwenye uji, maana uji wenyewe ni maji.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu ya miti. Mama alipima kapu kwa macho, akafurahi, halafu akauliza kama kawaida: "Na cha lazima walichowapa ni nini?" Tukatazamana na shangazi. Nikainua mikono yangu. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Mama akapiga ukelele.

Dada alikunywa uji bakuli mbili, jasho likamtoka puani. Jioni ile haikuwa muujiza, mtoto alilia bado. Ilikuwa siku ya tatu ndipo nilipoamka nikashangaa nyumba iko kimya, nikachungulia kwa hofu, nikamkuta ananyonya, shavu linacheza, tone jeupe kidevuni. Dada akaniambia njoo umbebe. Nikatazama vidole vyangu. Nilikuwa nimevisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni, na weusi bado uko kwenye kucha.

"Nitamchafua," nilisema.

"Njoo hivyohivyo," dada alisema, akanipa.