Mbwa wa Mbweni na Mkongojo wa Bibi

Hapa Dar, mwenye kamba na sauti nene anajiita mwalimu wa mbwa, na hakuna anayemuuliza alijifunzia wapi. Hata mie sikuulizwa. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikawa nasafisha mabanda ya mbwa majumbani kwa watu ili wadogo zangu wale. Kazi niliijulia humo humo.

Nyumba moja ya Mbweni waliniita kwa sababu mbwa wao alimrarua bibi dera. Bibi alikuwa mama mzazi wa mwenye nyumba, kaletwa kutoka Lindi baada ya kuvunjika nyonga, na hatembei bila mkongojo. Nikauliza mbwa alifundishwaje. Mama mwenye nyumba akanieleza, tena kwa fahari kidogo, kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa akimfunga mnyororo, halafu mtu ambaye mbwa hamjui anakuja kumchapa fimbo kila jioni, mpaka akawa mkali. Wengi wanataka hivyo. Mbwa mpole wanamwona mzigo.

Basi nikaanza upya. Nililaza fimbo chini, nikaweka nyama pembeni yake. Mbwa alikuja akitetemeka, akala. Nikiinua fimbo usawa wa goti tu, anapandwa na wazimu. Bibi alikuwa akitutazama kutoka barazani.

"Mjukuu wangu, huyo umemfundisha kula tu," alinitania.

Nilienda kila siku. Alianza kuvumilia fimbo mkononi mwangu, ila mwangu tu. Asubuhi moja bibi akatoka na mkongojo wake kuanika khanga, mbwa akakata kamba. Nilimdaka kabla hajamfikia, lakini bibi alirudi kinyumenyume akaanguka.

Mama mwenye nyumba hakufoka. Alimwinua mama yake, akamkalisha, kisha akanifuata bandani. Nilimwomba anipe miezi zaidi ya kumfundisha.

"Dada, unaniahidi hatamgusa mama yangu?"

Sikuweza kuahidi, akasema basi mbwa aondoke, au aitwe daktari amuue.

Nilitafuta wa kumchukua. Kila aliyemtaka alifurahi kusikia anang'ata, na wote walikuwa na watoto, nikawakatalia. Kwangu Temeke tumepanga chumba kimoja na wadogo zangu, na baba mwenye nyumba hataki mbwa avuke hata kizingiti cha ua.

Daktari wa mifugo alipokuja, hakuna mwingine aliyethubutu kumshika. Nikamwambia kaa, akakaa. Nikamwambia tulia, akatulia, kichwa kwenye paja langu, mkia ukipiga vumbi. Daktari akamsifu, akasema ni nadra kuona mbwa msikivu namna ile. Kisha akamchoma sindano ya kumuua.

Nilikuwa bado nanawa bombani mama aliponijia na taulo. Alikuwa amelia. Akaniomba nimtafutie mtoto wa mbwa, nimlee mwenyewe tangu mwanzo.

"Awe mkali, dada, maana wezi wamezidi huku. Ila kwa bibi awe mpole."

Nikajifuta mikono, nikamwambia nitaangalia.