Mwalimu Aliyesema Kama Redio

Nilivuka ziwa kwenda Uvira miaka michache baada ya uhuru wa Kongo, nikitokea Ujiji, kuwafundisha Kiingereza mabinti wawili wa mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye babu zake walilowea huko tangu zamani. Nilipewa chumba, nikala mezani kwao. Lugha niliona haitanisumbua. Kiswahili si nilizaliwa nacho?

Juma la kwanza wasichana walinicheka hadi wakaficha nyuso. Mimi nikisema "mimi nipo", wao "minye niko". Kisamvu kilikuwa sombe. Mama yao, mwanamke wa maneno machache, alinivumilia siku kadhaa, kisha akaniambia, "Weye unasemaka kama redio. Batu banakuogopa."

Alisema kweli. Sokoni wauza samaki walinyamaza nikikaribia. Uasi dhidi ya serikali ulikuwa umeanza bondeni, kaskazini mwa mji, na mgeni mwenye Kiswahili kilichonyooka alidhaniwa ametumwa kupeleleza. Nikaanza kujifunza. Asubuhi nilifundisha, mchana nilikaa jikoni nikirudia maneno ya mama, lakini sikutulia. Kila lori lilipopita niliinuka, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi nimesahau nilichokuwa nikisema. Binti mkubwa naye hakukubali kutamka Kiingereza hata neno moja. Aliandika tu.

Waasi walipouteka mji, baba yao alikuwa Bukavu na barabara imefungwa. Mama akaamua twende kwa dada yake, kijijini Makobola, kwa miguu. Karibu na kufika tulikuta kizuizi cha waasi. Mwanamume mwenye mkuki akaniuliza natoka wapi. Yote niliyojifunza jikoni yakanipotea; nikamjibu kwa Kiswahili cha Ujiji. Akanishika mkono.

Mama akamweleza kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa watoto wake. Yule mtu akataka akisikie hicho Kiingereza.

Binti mkubwa akasogea mbele. Akatamka kwa sauti, bila kukwama: chungu, mwiko, makaa, ungo, chumvi. Vyombo na vitu vya jikoni, vyote kwa Kiingereza.

"Unasema nini?" yule mtu akauliza.

"Nasema huyu mwalimu iko muntu wa kwetu."

Yule mtu akaniachia. Tulitembea upesi bila kugeuka, mpaka kizuizi kikapotea machoni, ndipo nikakaa chini ukingoni mwa barabara. Binti akaniuliza kama amekosea matamshi. Nikamwambia hakukosea.

Siku tatu baadaye mvuvi alinivusha hadi upande wa Burundi, na kutoka huko nikarudi kwetu. Wao walibaki. Nyumbani hapakukalika. Kila chombo kilichotia nanga Ujiji nilikwenda kuulizia watu wa Uvira, na mara nyingine niliuliza kwa lugha yao bila kujijua, wenzangu wakinishangaa. Mwaka ulipita ndipo barua ya mama yao ikafika. Baba yao alikuwa amewafuata Makobola, wote wazima, na yule binti mkubwa ameolewa Luvungi, kule bondeni. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kuulizia boti ya kwenda kaskazini, kwao.