Ala ya Bastola Iliyobadilishwa Upande

Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nilikuwa fundi ngozi mtaani Buyenzi. Nilishona viatu na mikoba, na kwa kujifurahisha nilikusanya ala za zamani za bastola, zilizoachwa na majeshi ya Wajerumani na Wabelgiji. Bastola zenyewe sikuzitaka. Nilipenda kuona jinsi wenyewe walivyozikata ala hizo na kuzishona upya wakiwa vitani.

Mjane mmoja wa Musaga, mtaa wa nje ya mji, mteja wangu, alinipa ala ya babu wa mumewe.

"Chukua, baba. Mi naiogopa ndani ya nyumba."

Niliifunga kwa gazeti, nikapanda basi kurudi mjini. Kwenye kizuizi askari walituteremsha wote. Mmoja akafungua gazeti.

"Bastola iko wapi?"

"Apana bastola, shefu. Nakusanya ngozi za zamani tu."

"We! Mutu anabeba nyumba ya bastola bila bastola?"

Basi likaondoka, nikabaki nimekaa chini juani. Sikumbuki kuogopa sana, nakumbuka kiu. Baadaye akaja luteni, kijana mwembamba, akaniambia nijieleze.

Nikamwambia mimi ni fundi ngozi wa Buyenzi, nikamwonyesha sehemu ya chini ya ala. "Hii ilikuwa ya Mjerumani. Ikaingia mikononi mwa mutu mwenye bastola ndefu zaidi. Akapasua hapa, akaongeza kipande cha ngozi nyingine, akashona kwa uzi wa nyavu. Alikuwa na haraka, angalia mishono ilivyopinda."

Luteni aliigeuzageuza. Kisha akavua ala yake, akatoa bastola akaishika mkononi, akanipa ala tupu.

"Na hii inasema nini?"

Kitanzi cha mkanda kilikuwa kimefumuliwa na kushonwa tena ili ala ivaliwe kushoto. Luteni alikuwa ameivaa kulia, kitako cha bastola kikitazama mbele, na kuichomoa lazima apinde kiwiko vibaya.

"Aliyeivaa kabla yako alitumia mkono wa kushoto," nikasema.

"Tulilala naye chumba kimoja kambini, mpaka alipouawa," akasema. Akachukua ala yake, akanirudishia yangu na gazeti. "Nenda. Usipite nayo hapa tena."

Nilitembea hadi mjini. Mke wangu aliposikia, alizificha ala zote ndani ya gunia la vipande vya ngozi, na sikumbishia.

Wiki mbili baadaye luteni alikuja kibandani kwangu amevaa kiraia. Alitaka kitanzi cha ala yake kirudishwe kulia. Nilipoweka kisu kwenye uzi akasema, "Subiri." Nikasubiri. Nje watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri.

"Fanya," akasema.

Nilifumua, nikashona. Akapitisha kidole juu ya matundu ya zamani.

"Haya hayazibiki?"

"Apana. Ngozi ikishatobolewa imetobolewa."

Akaifunga kiunoni, akajaribu mara mbili kuchomoa kwa mkono wa kulia, bastola haimo, akaniaga.