Chumvi ya Hajati na Ubishi Wetu

Nakumbuka siku moja, vita vimetoka kutulia, mimi nina shahada ya uchumi mkononi na kiburi tele kichwani. Chumvi ilikuwa imeadimika mjini kwetu Mbale, watu wanachuja majivu ya maganda ya maharage ili mchuzi upate ladha. Kamati ya soko ikatuita tuishauri, mimi na Waiswa, kijana wa Jinja niliyesoma naye.

Mwanangu, tulibishana kutwa nzima. Mimi nilianzia kwenye kanuni: bei ikiachwa ipande, wafanyabiashara watafuata faida, chumvi itakuja. Waiswa alianzia kwenye historia: tangu zamani wenye nguvu ndio huamua nani apate nini, basi serikali ipange bei. Kamati ikanisikiliza mimi. Bei ikapanda, chumvi haikuja.

Unadhani nilikiri? Wapi! Nilisema kanuni haikosei, basi kuna mtu anaficha. Macho yakamgeukia Hajati Zubeda wa mtaa wa Nabuyonga, mjane, muuza chumvi pekee aliyebaki. Na ajabu, hapo ndipo Waiswa alipokubaliana nami. Kamati ikasema ni magendo, anyang'anywe meza yake sokoni. Meza hiyo ndiyo iliyolisha wajukuu wake wanne. Hata leo naona haya kusimulia.

Hajati hakugomba. Alituita kwake, akatupa chai ya rangi isiyo na sukari.

"Watoto yangu, nyinyi mnajua sana," akasema. "Lakini nani kati yenu ameuliza dereva?"

Kesho yake tukapanda basi hadi Jinja, malori ya chumvi yanakopakia. Madereva wa malori wakatuambia wanaogopa kizuizi cha wanajeshi kilicho njiani, maana wenzao walipoteza mizigo pale wakati wa vita. Kizuizi chenyewe tulikuwa tumekipita asubuhi ile bila kuulizwa hata jina. Tukarudi pale, roho mkononi, tukamweleza mkubwa wao.

"Barabara ilifunguliwa zamani," afande akasema. "Hakuna mtu alikuja kuuliza."

Alikubali kufuatana nasi hadi Jinja, akanywa chai na madereva, akawaahidi kwamba hakuna atakayegusa mizigo yao. Bei ingepanda mpaka mawinguni, woga ule usingetoka. Amri ya serikali nayo isingeutoa.

Wiki ile malori mawili yakashusha chumvi Mbale. Kamati ikafuta amri yake, meza ya Hajati haikuguswa. Nikamwomba radhi mbele ya kamati nzima, naye akanipimia chumvi kidogo kwenye karatasi.

"Peleka kwa mama yako," akasema. "Mwambie aache majivu."

Basi mwanangu, unakwenda kusoma uchumi. Shika kanuni, shika na historia, kila moja itakuonyesha kitu ambacho nyingine haikioni. Lakini mambo yakikataa kwenda ulivyosema, usitafute wa kumlaumu, tafuta wa kumuuliza. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe akili ya kusoma na miguu ya kwenda kuona, na chumvi isikuishie nyumbani mwako.