Oili Isiyotoka Ndani

Pale karakana walimwita Asali, ingawa hakuwa mtu mpole. Alikuwa mwanamke wa hekaheka, asiyeweza kukaa kitini dakika tano, akitembea na simu sikioni kutoka dirishani hadi mlangoni kama aliyepoteza funguo. Jina lilitokana na sauti yake. Ilikuwa nzito kidogo, isiyo na haraka, kinyume kabisa cha miguu yake, na aliyeisikia aliona mambo yote yatakwenda sawa. Kwa miaka sita alifanya kazi mapokezi ya hospitali, akiwaambia wagonjwa wangoje, nao wakangoja bila kununa. Siku meneja wa kampuni ya kuuza magari alipompeleka mkewe kujifungua, alimsikia akimtuliza mzee aliyekuwa akipiga meza kwa ngumi. Mwezi haukuisha akamwita kazini.

"Magari nitakufundisha," alimwambia. "Sauti hakuna anayeweza kumfundisha mwenzake."

Karakana ilikuwa nyuma ya chumba cha maonyesho. Mbele, magari mapya yalimeremeta chini ya taa. Nyuma kulikuwa na sakafu ya kijivu, mashine nne za kunyanyulia magari, kelele za spana na harufu ya mpira. Katikati palikuwa na kaunta ya Asali, viti vya wateja, mashine ya kahawa, na mstari wa njano uliochorwa sakafuni. Gari likiletwa kubadilishwa oili, fundi alilipandisha, akalikagua na kujaza karatasi ya rangi tatu. Kijani ni kizima, njano ni cha kuangaliwa, nyekundu ni hatari. Karatasi ilikwenda kwa Asali, naye akampigia simu mwenye gari.

"Mama, gari lako tumelipandisha juu tumelitazama," angesema. "Sipendi kukutia hofu, lakini shokapu za mbele zinavuja. Zile bomba zinazolizuia gari lisirukeruke. Angekuwa mama yangu nisingemwacha aende nalo barabarani hivyo."

"Badilisheni tu, mwanangu," angejibiwa. "Ahsante kwa kunijali."

Na kweli alimjali. Alikuwa akiisoma ile karatasi kama alivyozoea kuisoma ya daktari. Aliyeiandika anajua, mimi kazi yangu ni kufikisha.

Mwaka wa pili, Meneja alitundika ubao ofisini kwake. Kila fundi alitakiwa kutoa nyekundu kumi kwa wiki, na kila Jumatatu majina yalipangwa upya, wa juu akasifiwa, wa chini akaulizwa kama bado anaipenda kazi. "Mteja hanunui kipuri," Meneja alipenda kusema. "Ananunua usingizi." Asali alicheka pamoja na wenzake. Lakini tangu ubao ule uje, karatasi zilianza kuiva. Hata magari ya mwaka mmoja yalikuja na nyekundu tatu, nne. Akauliza, akaambiwa barabara ni mbovu. Jibu likamtosha mdomoni, ila moyoni halikushuka.

Nyumbani akawa anahamisha samani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alirudi jioni moja akakuta kabati limevuka sebule nzima.

"Kabati limekukosea nini tena?"

"Linaziba mwanga."

"Wiki iliyopita lilikuwa linaziba mlango," mumewe alisema, akavua viatu na kumsaidia kusukuma meza. Alishajua kwamba akiuliza zaidi, kitanda nacho kitahama.

Basi ikatokea mtoto wao akashikwa na homa, Asali akaomba ruhusa siku tatu. Aliporudi kazini hakuambiwa jambo. Jumapili yake akaenda kumwamkia mjomba wake.

Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mtu wa mkono mwepesi na maneno machache, na gari lake kuukuu, lenye mgongo mrefu wa kubebea majora ya vitambaa, alilitunza kama mboni ya jicho. Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza mafundi wenzake. Akimkabidhi mteja nguo, alimpa na mfuko wa vipande vilivyobaki, hata kama ni vya kufutia vumbi tu. "Kitambaa ni chake," alikuwa akisema. "Mimi nimekodishwa mkasi."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Leo nimefurahi, gari langu limekuwa jipya."

Asali hakuketi. Alikuwa ameona meza ya pembeni, ile iliyokuwa na mashine ya ovaloki ya kufungia kingo za nguo. Ilikuwa tupu, na juu ya mbao zake vumbi lilikuwa limeacha alama za miguu minne ya mashine.

"Ovaloki iko wapi?"

"Nimeiuza. Si nimekwambia gari limekuwa jipya? Nilikuja kwenu Jumatano, nikakukosa. Yule mwenzako akaniambia shokapu zote nne zimekwisha, na reki ya usukani pia, kile chuma kinachogeuza magurudumu. Kasema lingeniua. Nikajisemea moyoni, hapa ndipo anapofanya kazi binti yangu, sina haja ya kuuliza mara mbili. Nikamwambia, fanyeni yote."

Asali alizunguka chumba. Akagusa cherehani, akagusa pazia, akarudi pale pale. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alikaa kwenye gari lile, kwenye barabara yenye mashimo, na halikutoa hata mlio.

"Na kingo za sare utazifungaje sasa?"

"Kwa mkono. Wazee wetu walitumia nini?" Mjomba akacheka.

Jumatatu Asali aliwahi kabla ya wateja. Alivuka mstari wa njano akaenda uani, kwenye pipa la vipuri vilivyotolewa, vilivyokuwa vikimsubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Shokapu za mjomba zilikuwa juu juu, zimefungwa kikaratasi chenye namba ya gari. Zilikuwa zimelowa oili. Alichukua kitambaa akafuta moja. Chini ya oili palikuwa na vumbi kavu la miaka, limegandamana, oili haijapenya hata kidogo.

"Hiyo oili haikutoka ndani," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa fundi mzee waliyemwita Kimya, kwa kuwa mtu angeweza kufanya naye kazi siku nzima asimsikie akisema zaidi ya "nipe spana ya kumi na tatu."

"Ibonyeze," akamwambia.

Asali aliisimamisha chini akailalia kwa uzito wake wote. Ilishuka kwa ukaidi, na alipoiachia ikapanda polepole, bila kukwama.

"Iliyokufa ingeshuka na kubaki huko huko," Kimya alisema. "Hii ilikuwa na miaka mingi mbele yake."

"Hii ni ya mjomba wangu. Nani aliyeimwagia?"

Kimya alitoa mfukoni chupa ndogo ya kupulizia, akaiweka juu ya ukingo wa pipa.

"Sikujua ni ya mzee wako."

"Ungejua ungefanyaje?"

"Ningetafuta gari la mwingine." Kisha akasema, bila ukali, "Lakini usinitazame hivyo. Mimi napuliza, wewe unasema. Oili yangu bila sauti yako haiuzi kitu."

Asali aliingia kwa Meneja na shokapu mkononi, oili ikimchirizika hadi kwenye kiwiko. Alitarajia ubishi. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, akasikitika kwa dhati, na kabla ya chai malipo yote ya mjomba yalikuwa yamerudishwa, pamoja na barua iliyosema palitokea kosa la ukaguzi.

"Mbona hukutuambia una mzee mwenye gari?" alimlaumu. "Watu wa nyumbani hawapitishwi njia hiyo."

Alipokea pesa na barua, akatoka. Maneno yale yakamfuata hadi kwa mjomba. Alimsimulia yote akiwa amesimama. Mjomba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mkasi.

"Ovaloki imeshauzwa tena, siipati," alisema. "Basi. Lakini niambie, asiye na mpwa pale anafanyaje?"

Mjomba hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma. Alichukua sare akaendelea kufunga ukingo kwa sindano mpaka mpwa wake alipoaga.

Wiki ile hakupata usingizi wala njaa. Aliwasomea wateja karatasi harakaharaka kama anayetaja orodha ya sokoni, na wengi wakasema watafikiria kwanza. Meneja akamuuliza kama anaumwa. Alhamisi ikaja karatasi ya mkunga mstaafu, mama aliyekuwa akimjua tangu hospitali. Shokapu za mbele, nyekundu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi pale pale na kikombe cha kahawa.

"Mwanangu, wewe ukisema nibadilishe, nabadilisha," alisema kabla hajaulizwa.

Asali aliitazama karatasi, akaitazama milango ya karakana, akasimama.

"Mama, twende ukaone mwenyewe."

Walivuka mstari. Gari lilikuwa limeinuliwa, na chini yake alisimama Kimya. Asali alimnyooshea mkono kuomba kitambaa. Mzee yule alisita, akamtazama mkunga, kisha akakitoa kwenye mfuko wa ovaroli na kumpa.

"Futa hapo, mama," Asali alisema.

Mkunga alifuta. Oili ikatoka, vumbi kavu likabaki. Alikuwa mtu aliyezoea kutambua dalili, hakuhitaji kuelezwa. Alinusa kitambaa. "Hii ni mpya," alisema. "Imewekwa leo."

Hakupaza sauti, lakini wateja wanne walikuwa wamewafuata hadi mlangoni. Mmoja akauliza gari lake liko wapi. Mwingine tayari alikuwa ameshachukua kitambaa.

Siku hiyo hiyo Asali alifutwa kazi. Meneja hakumtukana. Alisema tu kwamba amesikitika, kwa kuwa sauti kama ile haipatikani tena. Kimya alibaki, alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu. Ubao ulishushwa, na mahali pake pakabandikwa tangazo kwamba, kwa usalama wao, wateja hawaruhusiwi kuvuka mstari wa njano.

Kwa miezi miwili Asali alitembea. Aliwakumbuka watu kwa sauti na mitaa yao, akawagongea milango mmoja mmoja kuwaambia alichowauzia. Baadhi walimkaribisha, wakaandika barua za madai, na wachache wakalipwa. Mwanamke mmoja alimfungia mlango usoni. Kinyozi mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umekuja kuutua mzigo wako kwangu," akaendelea kunyoa. Hilo lilimkosesha raha kuliko mlango uliofungwa.

Mwishoni akapata kazi kituo cha treni, ya kutangaza safari. Asubuhi moja alikuwa ametoka kwenye kibanda chake kunyoosha miguu, mwanamume mwenye begi akamsimamisha.

"Ni wewe unayetangaza?"

"Ni mimi."

"Nilijua tu. Uliniuzia reki ya usukani, mwaka juzi."

"Kweli," Asali alisema. "Nilikutafuta, nikaambiwa umehama. Huenda ile ya zamani ilikuwa nzima. Mpaka leo sijui."

Akamweleza yote, shokapu, chupa, ubao. Mtu yule alisikiliza huku akihamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Na hii treni uliyosema imechelewa dakika ishirini," akauliza, "imechelewa kweli?"

"Imechelewa kweli."

Aliitazama reli, akamtazama Asali, akaitazama reli tena. Kiti kilikuwa wazi nyuma yake, lakini hakukaa. Asali naye hakurudi kibandani. Walisimama hapo wote wawili, wakiangalia upande inakotokea treni.